Chupa Tatu za Kabatini

Mafua ya Januari yalikuwa yamemkaa Asimina puani kama mgeni asiyejua kuaga. Kila akitoka shule alipanda ngazi za jengo lao huku akipiga chafya: moja ghorofa ya kwanza, nyingine ghorofa ya pili, mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akazoea kumjibu "Afya!" bila hata kufungua mlango. Akifika nyumbani, mambo yalikuwa yale yale. Anavua viatu. Anambusu Bibi Evanthia, ambaye saa hizo huwa mbele ya televisheni akiwagombeza waigizaji. Anamwuliza Stratos, mdogo wake wa miaka sita, ameharibu nini leo. Kisha anakaa kufanya kazi za shule.

Alhamisi ile, hata hivyo, madaftari hayakutoka kwenye mkoba. Mama yao, Garifalia, mpishi wa meli ya abiria inayokwenda visiwani, alikuwa anarudi jioni baada ya kukaa majini tangu sikukuu zilipokwisha. Baba yao, Thrasos, fundi wa boti pale bandarini Volos, Ugiriki, alikuwa ameacha kwenye friji bakuli zima la kamba. Wale wa kuliwa, si zile za kufungia boti. Mama alikuwa anawapenda kamba wa kikaangoni kuliko kitu chochote, labda kuliko hata Baba, na Baba mwenyewe hakubisha.

Asubuhi ile Asimina alikuwa ameomba apike yeye.

"Una miaka kumi na miwili," Baba alisema, akitafuta soksi ya pili.

"Mama alianza akiwa na kumi."

"Mama yako alizaliwa ameshika mwiko." Baba aliipata soksi ndani ya kiatu cha Stratos. "Haya, pika. Menya, katakata, kaanga. Ila ile pombe, tsipuro, naitia mimi. Umesikia? Usiiguse. Ile ni moto."

"Nimesikia, Baba."

Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Shida haikuwa masikio.

Mapishi yenyewe ni ya haraka, na ndiyo maana watu wanaorudi kazini wamechoka huyapenda. Asimina alimenya kamba, akamnyima Stratos vichwa alivyotaka kuvifanyia mchezo wa vita, akakatakata vitunguu hadi macho yakamtiririka. Mafuta ya zeituni kikaangoni, vitunguu, kitunguu saumu, pilipili hoho. Nyanya zilipoingia, jikoni kulianza kuchemka kwa kelele tamu. Ikasikika sauti ya Bibi kutoka sebuleni:

"Usiunguze nyumba, mpenzi wa bibi! Bado sijajua nani kamuua tajiri!"

Kamba waliingia, wakajikunja, wakawa na rangi ya waridi. Bado jibini nyeupe ya kuvunjia juu. Lakini kabla ya jibini kulikuwa na ile sehemu ambayo familia nzima huisubiri. Baba humimina kikombe kidogo cha kahawa cha tsipuro, huinamisha kikaango, huwasha kiberiti, na moto wa bluu huruka juu ya kamba kama mazingaombwe. Kila mtu hupiga makofi. Baba huinama kama mwimbaji.

Saa ilisema Baba bado. Kamba walisema wako tayari. Asimina akawaza: Mama akifungua mlango wakati moto umewaka, nani atakumbuka kugombeza?

Akafungua kabati la pembeni ya friji.

Volos nzima hakuna nyumba isiyo na tsipuro, ile pombe kali ya zabibu yenye harufu ya anisi, wala hakuna tsipuro ya nyumbani inayokaa kwenye chupa ya pombe. Mjomba Lambros huipika kijijini kwake mlimani na kuigawa kwenye chupa za plastiki za maji ya kunywa. Kila mtu anajua, na hakuna anayekosea, kwa sababu unafungua kifuniko, unanusa, basi.

Asimina alifungua kifuniko, akanusa. Angenusa hata shimo la choo, mafua yangemwambia ni hewa safi. Akamimina kikombe kidogo na kukimwaga kikaangoni. Kikaango kilifoka, mvuke ukampiga usoni, macho yaliyokuwa yamelizwa na vitunguu yakalia upya. Akarudi nyuma, akanyoosha mkono, akawasha kiberiti kwa mbali.

Hakuna kitu. Akawasha cha pili, akakisogeza karibu zaidi. Kiberiti kilizimika kwenye mvuke, na kamba waliendelea kuchemka kana kwamba hawajaambiwa lolote.

Tsipuro ya Mjomba Lambros, ambayo Baba husema inaweza kuendesha boti, haikuwaka.

Asimina alizima jiko, akarudi kabatini kuitazama ile chupa. Hapo ndipo alipoona kwamba hazikuwa moja. Zilikuwa tatu. Ukubwa ule ule, nembo ile ile ya maji, ndani yake kitu kisicho na rangi. Yeye alikuwa ameirudisha ya kwake bila kuangalia, na sasa hakujua hata ni ipi.

Akakumbuka. Mwanzoni mwa wiki Bibi alihamishia humu chupa ya maji ya baraka, yale anayochota kanisani Sikukuu ya Epifania na kunywa funda moja kila asubuhi kabla ya kula. Aliiondoa kwenye rafu ya picha za watakatifu kwa sababu Stratos alitaka kuyanywa akitoka kucheza mpira. Hiyo moja. Tsipuro, mbili. Na jana usiku Baba alirudi na kitu kutoka kazini, akasimama na viatu vyake mlangoni, akasema... alisema nini? Asimina alikuwa akitazama simu. Alisema: "Nimeleta tindikali ya kung'olea ile chokaa ya bafuni. Naiweka kabatini, msiiguse, Jumamosi naimaliza."

Tatu.

Akashika mlango wa friji. Tindikali! Ile inayokula kutu ya nanga! Ile ambayo Baba huishika kwa glavu hadi viwikoni! Moyo ulianza kumpiga masikioni, dum dum dum, mpaka hakusikia tena televisheni.

Wazo la kwanza lilikuja haraka, na lilikuwa baya. Wamwage. Wamwage wote kwenye taka, afungue dirisha, aseme wameungua. Atagombezwa kidogo, atachekwa sana, na hakuna atakayejua kuhusu chupa wala kiberiti. Akakanyaga pedali ya pipa la taka, kifuniko kikainuka, akageuka kuchukua kikaango.

Stratos alikuwa amesimama pale. Mkononi alishika kipande cha mkate. Kidevuni alikuwa na mchuzi mwekundu.

"Kitamu," alisema.

"Umekula?" Sauti ya Asimina ilitoka nyembamba. "Stratos, umekula?"

"Nimechovya tu."

"Umechovya mara ngapi?"

Stratos alimtazama dada yake kama wakili anayepima swali. "Kuchovya si kula. Hata Baba anachovya."

Asimina alimshika mabega. "Fungua mdomo." Ulimi ulikuwa mwekundu. Ni nyanya? Ni kuungua? Ulimi wa mtoto kwa kawaida una rangi gani? Siku zote hutolewa ulimi huu, hajawahi kuutazama. "Unasikia kuwashwa? Kooni?"

"Nasikia unanibana."

"Kuna nini huko?" Bibi Evanthia alikuwa amefika mlangoni, amejifunika shali. Alimtazama mjukuu wake, macho yakamtoka. "Mbona umepauka hivyo, mtoto wewe?"

"Ni vitunguu, Bibi."

Neno lilitoka lenyewe, na mara tu lilipotoka Asimina alitamani kulirudisha mdomoni. Bibi aligeuza kichwa, akajitemea mate ya uongo kifuani, ftu ftu ftu, kufukuza kijicho. "Kuna mtu shuleni amekutazama vibaya. Kaa chini."

Asimina hakukaa. Alimkodolea macho Stratos, na akawa anapiga hesabu zisizo na namba: akisema, atapigiwa kelele, asiposema, labda halitatokea lolote. Labda. Labda chupa ilikuwa ile nyingine. Sema sasa, alijiambia. Mdomo ulikataa. Ulikuwa mkavu kama karatasi.

Ndipo Stratos alipoweka mkate mezani, akajikunja, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, bila utani wowote. "Tumbo linauma."

Wakati huo huo ufunguo ulizungushwa mlangoni.

"Harufu gani hii!" Baba aliingia akiwa na baridi yake na rangi ya boti kwenye kucha. "Nimeisikia tangu barabarani. Nilidhani ni mkahawa, nikataka kulala njaa kwa wivu." Alinawa upesi, akakata kipande cha mkate, akakielekeza kikaangoni kama alivyofanya mwanawe.

"Baba, usile!"

Mkate ulibaki hewani.

"Nini, umetia chumvi mara mbili kama ile siku?"

"Nimetia..." Machozi yalikuwa yameshafika, na safari hii hayakuwa ya vitunguu. "Nimetia tsipuro mwenyewe. Lakini haikuwaka. Halafu nikaona chupa ziko tatu. Sijui nimetia ipi, Baba. Pua imeziba. Sijui kama ni tindikali. Na Stratos amechovya, na tumbo linamuuma. Nilitaka kusema wameungua. Nimemdanganya Bibi, si vitunguu."

Sebuleni televisheni iliendelea kumtafuta muuaji.

Asimina alikuwa amemwona baba yake amekasirika, amechoka, amecheka mpaka akalia. Hakuwa amewahi kumwona ameogopa. Uso wa Baba ulibadilika rangi hadi midomo, na hilo lilimtisha Asimina kuliko kelele yoyote.

"Maji ya chumvi!" Bibi alipiga kelele, akijichora msalaba mara kadhaa. "Nimtapishe! Leteni maji ya chumvi!"

"Subiri, mama. Usimpe kitu." Baba alikuwa ameshachukua simu, anabonyeza namba ya huduma ya sumu iliyobandikwa na Mama ndani ya mlango wa kabati. Akaiweka mezani ili wote wasikie.

Mwanamke aliyejibu alikuwa na sauti ya mtu asiyekimbizwa. "Mtoto ana miaka mingapi? Anapumua vizuri? Anatema mate mengi? Anaweza kumeza?"

"Mate yangu nameza," Stratos alisema mwenyewe.

"Vizuri sana, kijana. Asitapishwe. Kama ni tindikali, iliunguza ikishuka, na ikipanda itaunguza tena. Asipewe chochote kwa sasa. Amekula nini hasa, kiasi gani, na nani aliyekitia?"

Baba alimtazama Asimina. Bibi alimtazama Asimina.

"Mimi," Asimina aliiambia simu. Akaeleza tena tangu mwanzo: kikombe kidogo cha kahawa, kwenye kikaango kizima, kimechemka, Stratos amechovya mkate.

"Mara nne," Stratos alisema, akijitazama vidole vya miguu. "Tano."

"Asante, binti. Umenisaidia sana. Sasa baba, kuna namna ya kujua ni chupa ipi iliyopungua?"

Baba alipanga chupa tatu mezani na kuvaa glavu za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi, ambazo siku nyingine zingewachekesha wote. Kwenye glasi ya kwanza alimimina tone kutoka chupa ya kushoto na kuongeza maji ya bomba. Papo hapo likawa jeupe kama maziwa. "Hii ni ya Lambros. Anisi ikikutana na maji haiwezi kujificha." Zikabaki mbili. Akazipeleka dirishani, penye kizingiti cha marumaru. Tone la kwanza likakaa pale juu ya jiwe, likang'aa, likatulia.

Tone la pili likalia *ssss*, likatoa povu.

Bibi alikamata mkono wa Asimina. Baba aliinua chupa ile ya povu kwenye mwanga wa taa, akaitazama shingo yake kwa muda ambao Asimina hakuweza kuuvumilia.

"Niliijaza mwenyewe mpaka hapa, penye huu mstari," Baba alisema. "Imejaa mpaka hapa. Haijaguswa."

"Basi ile nyingine ni nini?" sauti ya simu iliuliza.

Bibi aliinyakua, akaionja, akafumba macho. "Ni maji ya baraka," alinong'ona. "Yamebaki nusu! Mtoto huyu amewatilia kamba maji ya Epifania!"

Kwenye simu kulisikika kitu kama kicheko kilichomezwa haraka. "Na tumbo la mtoto?"

Baba alipiga magoti mbele ya Stratos. Alimtazama uso, shingo, kisha akapekua ukosi wa sweta. Kulikuwa na unga mweupe. Ulikuwa hata nyuma ya sikio. Unga wa sukari, ule unaofunika biskuti za Krismasi ambazo Bibi alikuwa amezificha ndani ya kopo la bati juu ya kabati la nguo ili Mama azikute.

"Umekula biskuti ngapi, mwanangu?"

"Zile za bati."

"Za bati ngapi?"

"Bati zima."

Mwanamke wa simu aliuliza maswali mengine machache, akasema wamwangalie usiku ule na wapige tena kikitokea kitu, na tindikali iondoke kwenye chupa ile leo hii. Kabla ya kukata alisema, "Binti bado yupo? Mwambieni amefanya vizuri."

Asimina alikaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye friji, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Baba akaenda kukaa karibu naye, bado na glavu za waridi.

"Nimekuvunjia sharti," Asimina alisema.

"Umelivunja. Moto si wa kuchezea, na wiki hii nzima vyombo ni vyako. Lakini mimi ndiye niliyeitia sumu kwenye chupa ya maji na kuiingiza jikoni kwa watoto wangu. Hilo kosa ni kubwa kuliko lako, na ni la mtu mzima." Alivua glavu moja. "Sasa nisikilize. Ungesema kamba wameungua, yule mama wa simu angefanya nini? Angemtibu Stratos ugonjwa wa kamba kuungua? Anayetaka kumsaidia mgonjwa lazima ajue ukweli, na ukweli leo ulikuwa kwako peke yako. Uliogopa, na bado ulisema. Siku nyingine sema kabla sijakata mkate. Kosa likisemwa mapema, tunakuwa wengi wa kulirekebisha. Likifichwa, linabaki na mtoto mmoja jikoni, anatetemeka."

"Nawamwaga, basi?" Asimina alifuta pua, akasimama kukitazama kikaango.

"Thubutu!" Bibi Evanthia alijitanda mbele ya jiko kama askari. "Maji ya baraka hayatupwi kwenye taka wala hayamwagwi panapokanyagwa na miguu! Hao wataliwa. Wote. Na mchuzi utafutwa kwa mkate mpaka kikaango king'ae."

Baba alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo zima. "Kamba wamebatizwa!"

"Wanaitwa nani?" Stratos aliuliza, tumbo limesahaulika. "Huyu mnene ni Mjomba Lambros."

Baba akashuka na tindikali hadi garini, akairudisha kwenye chupa yake halisi ya kazini, yenye alama ya fuvu, akaifungia kwenye sanduku la zana. Maji yaliyobaki Bibi aliyahamishia kwenye kichupa cha kioo chenye msalaba. Chupa ya Mjomba Lambros ilibandikwa karatasi ambayo Stratos aliiandika kwa kalamu nyekundu, na herufi zake zikajaa upande mzima. Asimina akapasha kikaango moto, akavunjia jibini juu.

Mama aliingia na sanduku lake la safari, akabusu kila mtu, akaketi hata bila kuvua koti. Alionja. Akaonja tena, uso wa mpishi.

"Kamba hawa wametulia," alisema. "Hawana tsipuro. Kuna kitu kingine humu. Mmetia nini?"

Baba alitazama dari. Bibi alitazama sahani. Stratos alimtazama Mjomba Lambros kwenye uma wake, akamla upesi.

Asimina aliweka uma mezani. Moyo ulianza tena, dum dum, lakini safari hii mdomo haukukauka.

"Mama, ni habari ndefu. Na mwanzo wake si mzuri."

Mama alikata mkate, akauchovya kwenye mchuzi, akamsogezea kiti karibu.

"Anzia hapo hapo," alisema.

Asimina alifungua mdomo, ikatangulia chafya. "Afya!" walijibu wote, na jirani wa ghorofa ya tatu naye, kutoka chini ya sakafu. Kisha akaanza, kuanzia ile asubuhi aliposema, "Nimesikia, Baba."